Na Popo Naye Aliingia Safinani

Juma hili tulikusudia kutafakari pamoja nanyi fumbo la Ubatizo wa Bwana, lakini limetokea jambo katika kigango chetu kimoja cha pwani, upande wa maingilio ya Mto Ruvuma, ambalo hatuwezi kulinyamazia. Wapo watakaosema kwamba mapadre wamekosa la kuhubiri hata wanawahubiria watu habari za popo. Na waseme. Tunawaomba tu wasome mpaka mwisho, ndipo waseme.

Wengi wenu mlikuwapo katika Misa ya mkesha wa Noeli. Mliisikia harufu. Mliwaona popo wadogo wa darini wakizunguka juu ya vichwa vya wanakwaya, na mliona kinyesi kikianguka juu ya kitambaa cheupe cha altare, ambacho akina mama wa WAWATA walikuwa wamekifua na kukipiga pasi siku ile ile. Hasira iliyowapanda wazee wa kigango ilikuwa ya haki, wala hatuandiki ili kuibeza. Nyumba ya Mungu inastahili usafi, na anayeipigania tunampa heshima yake.

Baada ya Noeli halmashauri ya kigango ilikutana, ikaazimia kwamba inunuliwe sumu, dari lijazwe moshi wake usiku mmoja, na asubuhi mizoga ifagiliwe. Vijana sita wa VIWAWA walisimama wakapinga. Walieleza kwamba majira haya ya mvua darini mna watoto wa popo wasioweza bado kuruka, wakaomba kazi icheleweshwe mpaka watoto hao wapate nguvu. Ndipo mzee mmoja akawajibu kwamba vijana wanaofuga popo ni vijana wanaojifunza uchawi. Watu wakacheka. Hakuna aliyekemea neno lile. Sumu ingeweza kuzungumzwa na kusameheana, lakini neno lile, pamoja na kicheko kilicholifuata, ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Kwa wasiojua, vijana hao wamekuwa wakijitolea tangu maembe yalipoanza kuiva. Watoto wetu wana desturi ya kuwapiga popo wa matunda kwa manati katika miembe, kwa mchezo tu, bila haja ya kitoweo. Vijana walitengeneza kibanda cha mbao na wavu nyuma ya nyumba ya mapadre, wakawa wanawaweka humo waliovunjika mbawa na watoto waliokutwa wameng'ang'ania vifua vya mama zao waliokufa. Walisoma kwamba ng'ambo yako makimbilio ya namna hiyo, wakataka kujaribu. Wengi kati ya wanyama hao walikufa. Wachache waliruka tena. Kijijini pakaitwa, kwa kejeli, hospitali ya popo.

Sasa tuseme tunaloliamini. Sumu ile haitaingia katika nyumba ya Mungu maadamu sisi ndio tuliokabidhiwa parokia hii. Na sababu zetu ni hizi.

Kwanza, tuliangalie Neno la Mungu, kwa maana wapo waliotutolea Maandiko kama ngao. Walitukumbusha kwamba Mambo ya Walawi, sura ya 11, inamweka popo katika orodha ya viumbe walio najisi. Ni kweli imeandikwa hivyo. Tena nabii Isaya, katika sura ya 2, anapotaka kuonyesha jinsi sanamu zitakavyodharauliwa, anasema zitatupwa mahali pa popo. Lakini ndugu zangu, sheria ile ya Walawi ilimkataza Mwisraeli kumla popo, haikumwagiza amwangamize. Aliyekatazwa kukila kiumbe amepewa amri ya kukiacha, na kukiacha si kukiua.

Tena rudini nyuma, mpaka kitabu cha Mwanzo, sura ya 6 na ya 7. Gharika ilipokaribia, Nuhu aliamriwa kuingiza safinani wanyama walio safi na wanyama wasio safi. Walio safi waliingia kwa idadi kubwa zaidi, ndiyo, lakini wasio safi hawakuachwa nje. Kila jamii ilipewa nafasi yake. Na kuna neno moja dogo ambalo tunalipita haraka tunaposoma: Nuhu aliagizwa kukusanya chakula, chake yeye pamoja na cha wanyama wote wale. Maana yake ni kwamba mwenye haki huyu alibeba majani na matunda, akalisha, akafagia, akavumilia harufu siku nyingi kupita mkesha mmoja wa Noeli. Nuhu ndiye mtu wa kwanza aliyejitolea katika kimbilio la wanyama, na kati ya aliowalisha walikuwamo najisi. Basi anayewacheka vijana wetu na amcheke Nuhu kwanza.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, nayo inamkataza mtu aliyekuta kiota njiani asimchukue mama pamoja na makinda yake. Sheria hiyo ni ndogo, ya njiani, lakini Mungu aliitamka. Ikiwa Mungu aliona vema kulinda kizazi cha ndege wa njiani, je, sisi tutachoma kizazi kizima cha viumbe juu ya altare yake, kisha tupande altareni hapo hapo kutoa Sadaka ya Misa?

Pili, tuseme juu ya uchawi, na hapa hatutazungukazunguka. Mkristo aliyebatizwa, anayekiri kila Dominika imani kwa Mungu Muumba wa mbingu na nchi, kisha akamwogopa popo kama mjumbe wa wachawi, anamkiri Mungu kwa midomo na kumwabudu mwingine kwa hofu. Popo hutoka usiku kwa sababu chakula chake hupatikana usiku. Hulala kichwa chini kwa sababu miguu yake imeumbwa kushika, na akijiachia huanza kuruka. Sauti zake ambazo sikio letu halizipati humwongoza gizani, mwangwi ukimrudia na kumwambia ulipo mti na alipo mdudu. Popo wa matunda wengi hutegemea macho na pua. Hayo yote ni kazi ya mikono ya Mungu, na mchawi hana mkono humo.

Hofu hii haiishii kwa popo. Waliokuwa watu wazima mwaka 1995 wanakumbuka habari za popobawa, zilizoanzia Pemba, zikaenea Unguja na kuvuka hata bara. Watu waliacha vitanda vyao wakakesha nje, wamekusanyika, wakiogopa kiumbe kisichokuwapo. Na kabla hofu haijapoa, huko Unguja umati ulikuwa umekwisha kumwua mtu mmoja mgonjwa wa akili, mgeni aliyekuwa amekwenda kutafuta matibabu. Hakuwa popobawa. Alikuwa binadamu mnyonge asiyeweza kujieleza. Vivyo hivyo katika mikoa ya Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni kwa miaka ya kuwapikia watoto na wajukuu. Hivyo ndivyo hofu inavyotembea. Huanza kwa kiumbe asiye na mtetezi, na isipokemewa huhamia kwa mtu asiye na mtetezi. Mzee wetu aliyewaita vijana wachawi hakukusudia mabaya hayo, tunaamini. Lakini aliokota jiwe lile lile, na kicheko cha watu kilimpa nguvu ya kulirusha.

Tatu, yapo maradhi. Hoja hii ni nzito kuliko zote zilizosemwa katika kikao kile, nasi hatutaifunika. Mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg ulizuka mkoani Kagera ukaua watu 6. Mwaka 2025 ulirudi mkoani humo humo, wilayani Biharamulo, ukaua watu 10. Wanasayansi wamethibitisha kwamba virusi vya ugonjwa huo hukaa ndani ya popo wa matunda wa aina moja, wanaoishi mapangoni na migodini. Popo wa dari letu ni wadogo, wala wadudu, wala si wa aina hiyo. Hata hivyo hatumwambii mtu yeyote kwamba popo hana hatari.

Je, dawa ya hatari hiyo ni kuwaua? Tusikilize yaliyotokea Uganda. Mwaka 2007 wachimbaji katika mgodi wa Kitaka waliugua Marburg. Wenye mgodi wakaamua kuwaangamiza popo wote, wakaziba matundu, wakawaua kwa maelfu. Baada ya miaka michache popo wengine walirudi mgodini. Wataalamu walipowapima mwaka 2012, walikuta wenye virusi ni takriban 13 kati ya kila 100, ambapo kabla ya mauaji walikuwa takriban 5. Na mwaka huo huo, katika mji wa Ibanda ulio jirani, ulizuka mlipuko wa Marburg uliokuwa mkubwa kuliko yote iliyokuwa imetokea Uganda. Wataalamu walieleza kwamba popo wageni, vijana wasio na kinga, walijaza nafasi iliyoachwa wazi, na maambukizi yakaenea kati yao. Watu walidhani wanazima moto, kumbe wanaupulizia.

Tena moshi wa sumu hauui wote. Waliobaki hutoka darini mchana wakiwa wamelewa, huanguka uwanjani, katika mapaa ya majirani, katika njia ya watoto wa chekechea. Watoto wetu huokota kila kilichoanguka. Popo ambaye jana alikuwa juu mita nne, asiyemgusa mtu, kesho atakuwa katika kiganja cha mtoto wa miaka mitano. Huo ndio usalama tulioahidiwa?

Lakini hapa yatupasa kuungama mbele yenu, maana asiyejihukumu hana haki ya kuwakemea wengine. Mwezi Novemba tuliwasifu vijana hawa hadharani, mwisho wa Misa, tukawaita wana wa Mtakatifu Fransisko, na watu wakapiga makofi. Hatukuwauliza kama wana glavu. Hatukuwauliza kama wamechanjwa. Hatukumwuliza mtaalamu yeyote wa mifugo, wala hatukukumbuka kwamba kuweka mnyamapori bila kibali ni kinyume cha sheria za nchi. Binti mmoja kati yao alikuwa akimlea mtoto wa popo chumbani mwake, akimpa maziwa ya ng'ombe kwa pamba. Siku ya nne mtoto yule alikufa, lakini kabla ya kufa alimkwaruza binti kidoleni. Binti hakusema kwa siku mbili, akiogopa tusije tukafunga kibanda. Alipotuambia, tulikumbuka habari tuliyowahi kuisoma, ya mwanamke Mholanzi aliyekwaruzwa puani na popo mdogo huko Tsavo Magharibi nchini Kenya mwaka 2007. Jeraha lilionekana dogo, lakini aliporudi kwao alikufa kwa virusi vya jamaa ya kichaa cha mbwa. Usiku ule hatukulala. Alfajiri tulimpeleka binti hospitali, akaanza kuchomwa chanjo. Amemaliza dozi zake, ni mzima, tunamshukuru Mungu. Lakini tulimtazama mama yake usoni, na hatukuwa na la kumwambia isipokuwa kuomba msamaha.

Ni kweli kwamba karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa duniani, hadi 99 kati ya kila 100, huambukizwa na mbwa, wala hatujasikia mtu akipendekeza kuwaua mbwa wote wa Mtwara. Lakini ukweli huo hautufutii kosa. Huruma isiyo na nidhamu inaweza kuua kama ukatili. Tulitafuta sifa ya wema kabla ya kuulipia gharama yake, na gharama nusura alipe mtoto wa mwenzetu.

Nne, tuangalie tunachokipoteza. Mnaijua mibuyu yetu, kuanzia Mikindani hadi Msimbati. Ua la mbuyu hufunguka jioni, na hudumu kwa usiku mmoja tu kabla ya kunyauka. Popo wa matunda ndio wanaolitembelea, wakinywa asali yake na kubeba chavua kutoka mti hadi mti. Ubuyu mnaowanunulia watoto sokoni, wenye rangi nyekundu na sukari, ulianza na ulimi wa popo usiku. Msufi nao huchavushwa na popo. Katika mikoko ya maingilio ya Ruvuma kuna mlilana, wenye maua yanayofunguka usiku, na huko Asia imethibitishwa kwamba popo ni miongoni mwa wachavushaji wake wakuu. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, inailinda mikoko hiyo kwa ajili ya samaki na kamba mnaowategemea. Mikoko ina marafiki zake wa usiku tusiowaona. Na popo hawa wadogo wa darini, mnaowachukia, kila jioni hutoka kula mbu na nondo na mbawakawa juu ya mashamba yenu.

Hatusemi kwamba popo hana madhara. Popo wa matunda huharibu maembe, mapapai na mabibo, na mkulima aliyeamka akakuta matunda yake yametafunwa halii uongo. Tunachosema ni kwamba anayetaka kufanya hesabu na afanye hesabu nzima, asihesabu embe moja lililoliwa akaacha mbuyu mzima uliozaa.

Sasa tunaijia hoja ambayo wengi wenu mmetuambia kwa upole, na tunaiheshimu kuliko zote. Mmesema: Padre, wapo yatima, wapo wagonjwa wasio na nauli ya kwenda hospitali, wapo wazee wasio na chakula. Vijana wana nguvu, kwa nini nguvu hizo ziende kwa popo? Mama Kanisa mwenyewe anatufundisha hivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2418, inasema kwamba kuwatesa wanyama bila sababu hakulingani na hadhi ya mwanadamu, na papo hapo inaonya juu ya kutumia kwa wanyama fedha ambazo kwanza zingepunguza taabu za watu. Tunayapokea mafundisho yote mawili. Lakini tunaomba tuulizane kwa haki. Kibanda kile kilijengwa kwa mabaki ya mbao na wavu mkuukuu. Sumu mliyotaka kuinunua ina bei. Ni upi kati ya mipango hiyo miwili uliogusa fungu la maskini?

Tena tusidhani kwamba popo na mtoto wa binadamu wako katika mizani miwili, mmoja akipanda mwingine ashuke. Nchini Marekani, tangu mwaka 2006, ugonjwa wa ukungu uliua popo wala wadudu kwa mamilioni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulilinganisha wilaya zilizopoteza popo na zile ambazo ugonjwa haukufika. Mahali popo walipotoweka, wakulima waliongeza dawa za kuulia wadudu kwa karibu theluthi moja, na vifo vya watoto wachanga viliongezeka kwa takriban asilimia 8. Watoto wachanga, ndugu zangu! Sisi tunaoishi katikati ya mikorosho tunajua maana ya kupuliza dawa msimu baada ya msimu. Papa Fransisko alitufundisha katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini husikika pamoja. Wengine walidhani hayo ni maneno mazuri tu ya waraka. Takwimu hizo zimeyatia makaburi.

Basi, kujitolea kwa kweli ni kupi? Tutazame mifano miwili, mmoja wa mbali na mmoja wa nyumbani. Huko Queensland, Australia, ipo Tolga Bat Hospital. Kila mwaka kupe wenye sumu huwapoozesha popo wakubwa wa matunda, nao huanguka wakiwa na watoto vifuani. Watu hutoka sehemu mbalimbali za dunia kujitolea huko. Hupita chini ya miti kuwatafuta walioanguka, huwanywesha watoto maziwa kwa chupa, huosha vitambaa, hukata matunda, hufagia. Lakini hakuna anayeruhusiwa kumshika popo kabla ya kuchanjwa. Huruma yao ina daftari, ina ratiba, ina sabuni.

Mfano wa nyumbani ni Pemba. Kisiwa kile kina popo wake mkubwa, asiyepatikana penginepo popote duniani, mwenye mbawa zinazofikia upana wa karibu mita moja na nusu. Aliwindwa kwa ajili ya nyama na misitu yake ikakatwa, hata katikati ya miaka ya 1990 wataalamu walikadiria kwamba wamebaki elfu chache tu. Wanakijiji wa Kidike na vijiji vingine wakaunda vikundi vya hiari. Hawakujenga hospitali. Hawakumshika hata mmoja. Waliamua tu kuilinda miti ambamo popo hulala, kuwazuia wawindaji, na kuwaeleza watoto wao. Ilipofika mwaka 2007, popo walikadiriwa kufika karibu 20,000. Kidike leo hupokea wageni wanaolipa kiingilio kuwatazama. Na tukumbuke kwamba hiki ni kisiwa kile kile kilichokuwa kikikesha kwa hofu ya popobawa mwaka 1995. Ndugu zetu wale, karibu wote Waislamu, waliweza kutenganisha hadithi na kiumbe. Je, sisi tuliopakwa Krisma tutashindwa?

Kwa hiyo, baada ya kusali na kushauriana, tumeamua hivi. Sumu haitanunuliwa. Wiki hii litatandikwa turubai juu ya altare na juu ya viti vya kwaya, ili Misa iadhimishwe kwa heshima. Kinyesi kitaondolewa baada ya kuloweshwa maji, na wafanyao kazi hiyo wakiwa wamefunika pua na mdomo na kuvaa glavu, maana vumbi lake kavu lina madhara. Na kazi hiyo haitaachiwa WAWATA peke yao. Akina baba waliopiga kura ya sumu wanajua ngazi ilipo.

Watoto wa popo watakapoweza kuruka, nasi tunatarajia iwe hivyo kabla ya Pasaka, mianya yote ya paa itazibwa isipokuwa mmoja. Juu ya huo utaning'inizwa wavu wa matundu madogo, ulioachwa wazi chini, ili atokaye jioni atoke na arudiye asiweze kuingia. Wavuvi wetu hawatakosa kipande cha wavu wa dagaa. Baada ya siku kadhaa, dari likiwa tupu, mwanya wa mwisho utazibwa. Popo watakuwa wametoka hai, na kanisa litakuwa safi. Kumbe yote mawili yaliwezekana tangu mwanzo, ila subira ndiyo iliyokosekana.

Kibanda cha vijana kimefungwa, na tumewaeleza wao wenyewe sababu. Hakitafunguliwa mpaka tutakapopata kibali, mtaalamu wa mifugo wa kutusimamia na chanjo kwa kila atakayehusika, naye awe mtu mzima. Wakati huo vijana watafanya kazi ya Kidike, yaani kuilinda miembe dhidi ya manati, kupita katika jumuiya ndogo ndogo na kuwafundisha watoto kwamba popo aliyeanguka haokotwi kwa mkono, wala haliwi, bali huitwa mtu mzima. Na aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile bila kumficha mtu. Wazazi, tunawasihi msimpige mtoto atakayesema ukweli wa namna hiyo.

Limebaki neno moja. Mzee wetu mpendwa uliyetamka lile la uchawi, unajijua, nasi hatutakutaja. Umelitumikia Kanisa hili kabla baadhi yetu hatujazaliwa, na tofali za jengo lile zina alama za mikono yako. Ndiyo maana neno lako lina uzito, na ndiyo maana lilijeruhi. Tunakuomba ulirudishe mbele ya watu wale wale waliolisikia. Sisi nasi, Dominika hiyo hiyo, tutasimama mbele yao kumwomba msamaha mama wa yule binti, kwa sifa tulizozimwaga bila kufikiri. Tutasimama pamoja nawe, si mbele yako kama mahakimu.

Mungu alipomhurumia Yona aliyekasirika, alimkumbusha kwamba katika mji ule wa Ninawi mlikuwamo watu wengi, na pia wanyama wengi. Kitabu kile kinaishia hapo, kwa swali la Mungu, na jibu la Yona halikuandikwa. Nasi tunawaachia swali hilo hilo, mlibebe mpaka Dominika ijayo, na jioni mtakapowaona wale wadogo wakitoka chini ya paa kwenda kazini, msiokote jiwe.